Anayekwenda ng'ambo kushindana kwa gari apewe karatasi kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nimjibu baba mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ambaye barua yake mliichapa hivi karibuni. Aliandika kwamba Wakongomani wanaopanda ndege kwenda Ulaya kushindana kwa magari ya mbio wanatupa pesa, kwamba mchezo huo ni wa watoto wa wenye migodi, na kwamba kama nchi inataka dereva wa kupeperusha bendera yetu, basi serikali inunue gari, imchukue kijana mmoja na kumtuma huko moja kwa moja. Aliandika kwa heshima, nami namjibu kwa heshima, maana mmoja wa hao wanaopanda ndege ni mimi.

Ninakaa Bel-Air na kazi yangu ni deklara, yaani mtu anayeandaa hati za forodha za mizigo. Siku zangu zinapita katika barabara ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, kati ya malori ya shaba yanayotoka na malori ya unga, saruji na mafuta yanayoingia, na mkononi nina dosiye ya mtu mwingine: ankara, cheti cha asili, hati ya mzigo, karatasi ya OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), tamko la DGDA (idara ya forodha). Marehemu baba alikuwa na garaje Katuba, na huko nilijua kusikiliza injini kabla sijajua kuandika vizuri. Sina mgodi. Sina mjomba waziri. Ninashindana kwa pesa ya kazi yangu, wakati wa likizo, na mume wangu anajua bei ya kila kitu kwa sababu hesabu tunaipiga pamoja mezani.

Tuelewane kwanza ni mbio gani. Watu wakisikia gari la mbio la kiti kimoja wanaona Formula 1, Ferrari, televisheni na mamilioni. Mimi naendesha Formula Ford. Ilianza Uingereza mwaka 1967, na mbio yake ya kwanza ilifanyika mwezi wa saba mwaka huo katika uwanja wa Brands Hatch, jimbo la Kent. Shule za udereva wa mbio zilikuwa zimechoka kuvunja injini za bei kali mikononi mwa wanafunzi, zikaweka injini ya kawaida ya Ford Cortina, ile ambayo fundi yeyote aliweza kuifungua na kuifunga. Mpaka leo gari ni hilo hilo kwa asili: chasi ya mabomba ya chuma, injini ya sentimita za ujazo 1,600, gia nne, magurudumu wazi nje ya bodi. Halina mabawa ya kuligandamiza chini. Tairi zina meno, na ni hizo hizo kwa jua na kwa mvua. Nguvu zake ni farasi 100 na kidogo tu, kiasi ambacho magari mengi ya familia yanayopita Chaussée de Kasenga yanazo. Lakini gari lenyewe halifiki kilo 500, na dereva amelala ndani, mgongo karibu na lami.

Kiti kiko katikati, na hilo nataka ndugu zangu wa Lubumbashi walifikirie. Sisi tunaendesha upande wa kulia, lakini magari yetu mengi yametoka Japani na usukani uko kulia. Ukivuka Kasumbalesa, Wazambia wanaendesha kushoto. Tumeishi miaka yote tukikisia nafasi ya gari upande ambao hatuuoni. Katika gari hili unayaona magurudumu mawili ya mbele waziwazi, moja huku na jingine huku, na unayaona yakitii mikono yako. Gia iko upande wa mkono wa kulia, kijiti kifupi sana. Breki ni nguvu ya mguu wako mwenyewe. Hakuna kompyuta ya kukurudisha barabarani ukikosea.

Na kabla hujaendesha, unatengenezewa kiti chako. Wanatandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya gari, unaingia ukiwa umevaa nguo zako zote za mbio, wanamimina dawa mbili zinazochanganyika na kuvimba mgongoni na kiunoni mwako. Inapata moto, halafu inakauka, na unakaa kimya bila kutikisika mpaka iwe ngumu. Ukitoka, umbo lako limebaki pale. Mimi ni mfupi. Kiti cha kukodi cha mwanaume mrefu kilinifanya nifikie pedali kwa vidole tu. Siku niliyopata kiti changu ndipo nilipoanza kuhisi nyuma ya gari inapoanza kuteleza, kwa sababu habari hiyo inafika kiunoni kabla ya kufika machoni.

Mshindi anapewa kikombe na kupigwa picha. Mshahara hakuna kwa mtu yeyote. Ndiyo maana yanaitwa mashindano ya ridhaa. Pembeni yangu katika eneo la magari kulikuwa na fundi bomba, mwalimu wa shule, kijana ambaye bado anatafuta njia ya kuwa dereva wa kulipwa, na mzee mwenye wajukuu ambaye anavuta gari lake kwa trela, mke wake anamwandikia muda wa kila mzunguko kwa kalamu. Walinipokea vizuri. Waliniuliza Kongo iko na viwanja vingapi vya lami, nikawaambia ukweli.

Sasa pesa, maana baba wa Kamalondo aliligusa hilo na hakusema uongo mtupu. Ni ghali. Kukodi gari pamoja na fundi wake kwa wikendi moja ni maelfu ya pauni, na unaweka dhamana ambayo inakatwa ukivunja kitu. Ongeza tiketi ya kupitia Addis Ababa, kofia, ovaroli isiyoshika moto, glavu, viatu vyembamba, na kile kifaa cha mabegani kinachofungwa kwenye kofia ili shingo isivunjike gari likigonga ghafla. Vyote hivyo vina namba ya kiwango iliyoshonwa au kubandikwa, na mkaguzi anaisoma namba hiyo. Mkanda wa kufunga mwili una tarehe yake ya kufa: ikipita, hata kama unaonekana mpya, hauruhusiwi. Mimi nilifurahi kuona mtu mzima amevaa miwani anasoma lebo ya mkanda neno kwa neno. Hiyo ndiyo kazi yangu, kusoma kile ambacho wengine wanaruka.

Lakini nasema hivi: mtu wa Lubumbashi anayejenga nyumba ya pili, au anayefanya harusi ya kumbi mbili, ametumia zaidi yangu, na hakuna anayemwandikia gazetini. Pesa ya mtu binafsi aliyoipata kwa halali ni yake. Tatizo la mchezo huu kwa Mkongomani liko mahali pengine kabisa, na hapo ndipo naomba wasomaji wanisikilize, kwa sababu nimelipitia lote kwa miguu yangu.

Tatizo ni karatasi.

Mbio za magari duniani zinaongozwa na FIA, shirikisho la kimataifa lenye makao Paris. Kila nchi inatambuliwa kupitia chama chake cha taifa. Kanuni inasema leseni yako ya kushindana unaiomba kwa chama cha nchi yako. Ukitaka kuipata kwa chama cha nchi nyingine, chama cha kwako kinatakiwa kwanza kukubali. Huwezi kushika leseni za vyama viwili kwa wakati mmoja. Hata ukiwa na leseni ya nyumbani, kushindana nje kunahitaji idhini. Haya si mambo ya kuonea Waafrika. Mfaransa, Mjapani na Mbrazili wanafuata kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Mfaransa anajua ni mlango upi wa kugonga, nani anasaini, analipa kiasi gani na atasubiri muda gani.

Mimi niligonga mlango wa ofisi moja hapa nchini kuomba barua ya idhini hiyo. Sitaitaja, maana lengo langu si kuumbua watu. Niliambiwa nirudi. Nikarudi. Mwenye kusaini alikuwa safarini. Aliporudi, muhuri ulikuwa kwa mtu mwingine. Wakaniuliza barua hiyo inasema nini, nikawaandikia rasimu mwenyewe kwa Kifaransa, nikawawekea na tafsiri ya Kiingereza, maana nilijua wakiandika wao itarudishwa. Barua ilipotoka, jina langu la tatu lilikuwa limeandikwa tofauti na pasipoti. Deklara yeyote atakuambia: herufi moja ikikosa kwenye hati, lori linalala mpakani. Nikaomba irekebishwe. Wakati inarekebishwa, mbio niliyokuwa nimelipia dhamana ilifanyika bila mimi, na dhamana ile haikurudi, kwa sababu mkataba ulisema hivyo na niliusaini.

Wakati huo huo kuna viza. Mkongomani anayekwenda Uingereza anahitaji viza, na kutoa alama za vidole ni Kinshasa. Kwa hiyo kabla hata ya safari yenyewe unapanda ndege Luano, unasafiri zaidi ya kilomita 1,500 ndani ya nchi yako, unalala hoteli au kwa ndugu, unarudi, unasubiri. Kila karatasi ya Kifaransa lazima iwe na tafsiri: taarifa ya benki, cheti cha ndoa, hati ya kazi. Sheria ya Waingereza inamruhusu mgeni wa matembezi kushiriki mashindano ya michezo kama mwanamichezo wa ridhaa, lakini lazima uoneshe unakwenda wapi, tarehe gani, nani amekualika, na kwamba utarudi. Barua ya mwaliko ilikuwa tayari muda mrefu. Ile ya nyumbani ndiyo ilikosekana.

Nimeieleza sehemu hii kwa urefu kwa makusudi. Watu wanapenda kuzungumzia kipaji na ufadhili. Hakuna anayeandika habari ya mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao akisubiri muhuri, na benchi hilo ndilo linalowamaliza wengi kabla hawajagusa usukani. Nawajua vijana wa hapa walioendesha kartingi, vile vigari vidogo vya mbio, vizuri kuliko mimi, waliokata tamaa pale pale. Na kuna wengine walioangukia mikononi mwa watu wa mtandaoni wanaouza kile wanachokiita mkataba wa majaribio na timu ya Ulaya, malipo kwanza. Mzazi ambaye hajui karatasi halali inafananaje, atajuaje ile ya uongo?

Leseni yenyewe, ukishafika Uingereza, haina upendeleo. Unakwenda kwenye shule iliyotambuliwa, unaendesha na mwalimu anayekutazama kama una kichwa kilichotulia. Kasi haimshughulishi sana. Halafu unakaa kwenye meza na mtihani wa kuandika. Sehemu ya bendera huruhusiwi kukosa hata moja. Njano: kuna hatari mbele, punguza mwendo, usimpite mtu. Njano yenye mistari myekundu: lami inateleza, pengine kuna mafuta. Buluu: kuna mwenye kasi zaidi nyuma yako. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa pamoja na namba yako: gari lako lina hitilafu, rudi. Nyekundu: mbio imesimamishwa. Kiingereza changu ni cha Kasumbalesa, nilichojifunza kwa madereva wa Chingola na Ndola, lakini bendera hazina lafudhi. Nilizisoma jikoni hapa Bel-Air, binti yangu akiniinulia vitambaa nami nikijibu huku nasonga bukari, yaani ugali, mpaka yeye mwenyewe akazijua zote.

Ukipita, unapewa leseni ya daraja la chini, na nyuma ya gari lako wanabandika mraba wa njano wenye alama ya msalaba mweusi ulioinama, kuwaonya wengine kwamba wewe ni mgeni katika mbio. Unatembea nao mpaka upate sahihi za kutosha za kuonesha kwamba umemaliza mbio zako bila fujo. Naupenda utaratibu huo kwa moyo wangu wote. Kila mtu anajua wewe ni nani, uko hatua gani, na hatua inayofuata inapatikanaje. Umeandikwa, umebandikwa ukutani, haubadiliki kwa sababu bwana fulani yuko safarini.

Brands Hatch nitaieleza kwa ufupi, ingawa ningeweza kujaza gazeti zima. Mzunguko mfupi haufiki kilomita 2, na magari haya yanaumaliza kwa sekunde 50 hivi. Kona ya kwanza inaitwa Paddock Hill, ni ya kulia, na katikati yake ardhi inaporomoka. Unaingia bila kuona unakotokea, tumbo linabaki juu wakati gari limeshashuka, halafu mara moja unapanda kuelekea Druids, kona ya kugeuka karibu nyuma kabisa. Siku yangu ilikuwa ya mwisho wa msimu, baridi, mvua nyembamba isiyokwisha. Wenyeji walikuwa wanaingia Paddock Hill kwa nje kabisa, mahali palipoonekana pabaya, kwa sababu njia ya kawaida imepakwa mpira wa tairi na mpira huo ukilowa unateleza. Sikuambiwa na mtu. Nilimfuata mzee wa trela kwa mizunguko miwili nikaona anavyofanya, nikafanya. Hapo nikapita magari, moja baada ya jingine. Robo saa ya kufuzu, kisha mbio ya robo saa hivi, na nilipomaliza nilikuwa katikati ya kundi, gari zima, msalaba wangu mweusi bado nyuma, na karani akasaini. Sahihi ile niliitazama usiku kucha hotelini.

Injini pia ilinishangaza. Huku kwetu tuko mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, na Johannesburg, nilikojifunza kuendesha magari ya namna hii, ni juu zaidi. Uwanja wa Kyalami uko karibu mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, injini ya kabureta inavuta pumzi kidogo na kupoteza nguvu, karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Kule Kent, karibu na usawa wa bahari, injini ya ukubwa ule ule ilinisukuma mgongoni kwa namna ambayo sikuwahi kuihisi. Baba yangu alikuwa akisema hivyo kuhusu malori yaliyotoka bandari ya Matadi, kwamba yanachoka yakifika kwetu hata kama hayajaharibika. Alikuwa sahihi, na hakuwahi kuiona bahari.

Ndani ya uwanja wa Brands Hatch kuna jukwaa la watazamaji lenye jina la mwanamke Mwafrika. Desiré Wilson alizaliwa Brakpan, Afrika Kusini, akaanzia kwao, akashinda ubingwa wa Formula Ford wa nchi yake, akaenda Ulaya, na mwezi wa nne mwaka 1980 akashinda pale pale Brands Hatch katika ubingwa wa Uingereza wa magari ya Formula 1. Mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda mbio ya magari ya Formula 1 ya aina yoyote. Nilisimama chini ya jina lake kwenye mvua nikampigia simu binti yangu.

Na kabla yake alikuwepo Jody Scheckter, kijana wa mji wa East London, naye wa Afrika Kusini. Alishindana nyumbani kwa Formula Ford, akashinda tuzo iliyokuwa inampeleka dereva Ulaya, akafika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia na Ferrari. Ndiye Mwafrika pekee aliyewahi kuushika ubingwa huo. John Love, mzaliwa wa Bulawayo, Zimbabwe, mwaka 1967 akiwa na miaka 42 aliongoza mashindano ya Grand Prix ya Afrika Kusini pale Kyalami akiwa na gari lake binafsi, mpaka alipolazimika kusimama kuongeza mafuta mwishoni, akamaliza wa pili. Najua enzi ile ilikuwa ya ubaguzi, na mtu mweusi wa Soweto hakufunguliwa mlango ule. Sisemi tuisifu enzi hiyo. Nasema tuangalie njia ilivyokuwa imejengwa: gari la nyumbani lilikuwa sawa na gari la Uingereza, kanuni ni zile zile, leseni inatambulika, na mshindi alijua tangu mwanzo wa msimu kwamba mwisho wake kuna tiketi.

Ndiyo maana sikubaliani na pendekezo la baba wa Kamalondo, hata kama moyo wake ni mzuri. Serikali ikinunua gari leo na kumtuma kijana mmoja, gari litakaa kwenye kontena, kijana atapigwa picha uwanja wa ndege, na mwaka unaofuata hakuna atakayekumbuka funguo ziko kwa nani. Na kijana mwenyewe atatupwa Paddock Hill bila kujua bendera ya njano yenye mistari. Hilo ni hatari kwa maisha yake na ya wenzake.

Njia ya karibu ipo. Ubalozi mdogo wa Afrika Kusini uko hapa hapa Lubumbashi, kwa hiyo viza hiyo haihitaji Kinshasa. Mabasi yanatoka hapa kupitia Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge mpaka Johannesburg, zaidi ya kilomita 2,000, safari ya kuchosha lakini inayowezekana kwa mfuko wa mtu wa kawaida. Kule kuna kartingi, na kuna Formula Vee, magari ya kiti kimoja yaliyojengwa kwa vipuri vya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo yanashindana Afrika Kusini tangu miaka ya 1960. Kwa mtoto wa fundi wa Katuba au Ruashi hakuna shule bora kuliko hiyo: anaendesha Jumamosi, anafungua injini Jumapili. Akishapata msimu mmoja au miwili hapo, Uingereza itakuwa hatua, haitakuwa muujiza. Huko kila mwisho wa mwezi wa kumi kuna tamasha kubwa la Formula Ford pale Brands Hatch, na mwezi wa kumi na moja kuna Walter Hayes Trophy pale Silverstone, ambako unaanza na mbio za mchujo, nusu fainali, halafu fainali. Jenson Button alishinda lile la Brands Hatch mwaka 1998 kabla dunia haijamjua. Mtu wa ridhaa mwenye leseni na pesa ya kukodi anapanga mstari mmoja na kijana atakayekuwa bingwa wa dunia kesho. Sijui mchezo mwingine unaompa mtu wa kawaida nafasi hiyo, na ndiyo sababu naupenda kiasi hiki.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa michezo, wa mkoa na wa taifa, halihitaji bajeti ya kununua gari. Wabandike ukutani karatasi moja, kwa Kiswahili na Kifaransa, inayosema: leseni ya mbio za magari inaombwa wapi, kwa hati zipi, ada ni kiasi gani, nani anasaini na nani anasaini asipokuwepo, na barua ya idhini ya kwenda nje itatoka ndani ya siku ngapi. Wamteue daktari mmoja hapa Lubumbashi ambaye cheti chake cha afya kitakubalika kwa ajili ya leseni. Na wawape mafunzo ya bendera vijana wachache, kwa sababu hakuna chama cha nchi nyingine kitakachotuheshimu kama hata kartingi yetu inasimamiwa na watu wasiojua kusimamisha mbio.

Kwa upande wangu, nimenakili dosiye yangu yote: barua ya idhini, tafsiri, mwaliko, fomu ya viza, mkataba wa kukodi gari pamoja na vile vifungu vya dhamana ambavyo kila mtu anapaswa kuvisoma kabla ya kusaini. Majina na namba za watu nimezifunika. Nakala moja nitaiacha kwenye ofisi ya gazeti lenu Jumatatu, na mzazi au kijana yeyote aruhusiwe kuifotokopi kwa gharama yake. Baba wa Kamalondo akitaka kuiona pamoja nami, niko Bel-Air kila Jumapili mchana baada ya misa, na kijana anayemfikiria aje naye.

Wenu katika kazi,

Deklara wa Kasumbalesa
Bel-Air, komine ya Kampemba, Lubumbashi